"Révolution" ya dunia si mapinduzi: neno moja linalowapotezea wanafunzi wetu pointi

Butembo – Kwenye daftari la jeografia la mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 12, mwalimu aliandika kwa bic nyekundu: 4 kwa 10. Swali lililomwangusha lilikuwa fupi. Waliombwa waeleze "mouvement de révolution" ya dunia ni nini. Yeye alijibu, kwa Kifaransa chake cha darasa la saba, kwamba ni wakati dunia inapinduka na upande wa juu unakuwa chini. Hakujibu kwa kubahatisha. Alikuwa ametafuta neno hilo kwenye telefone ya mama yake, programu ya kutafsiri ikamwandikia "mapinduzi", naye akaamini.

"Tantine, révolution si ni mapinduzi? Juu ya nini basi mwalimu amenipa sifuri pale?"

Nilitaka kumjibu mara moja, lakini nilitambua kwamba mimi pia niliishika definisyo hiyo kwa kichwa tu wakati wa masomo yangu. Niliandika, nikapata pointi, nikasahau. Kwa hiyo nilichukua siku chache kulifuata neno hilo, toka kwenye daftari la mtoto mpaka kwa watu waliolitumia mara ya kwanza. Nilikuta kwamba si kosa la mtoto peke yake. Ni neno ambalo limebeba mizigo miwili tofauti kwa karne nyingi, na sisi tunaosoma kwa Kifaransa na kuishi kwa Kiswahili ndio tunaolemewa nayo.

Dunia ina miendo miwili

Tuanze na yale ambayo mwalimu alitaka kusikia. Dunia inafanya miendo miwili kwa wakati mmoja.

Mwendo wa kwanza, Kifaransa kinauita "rotation". Dunia inajizungusha yenyewe, kwenye msitari ambao tunaufikiria unapita katikati yake toka ncha ya kaskazini mpaka ncha ya kusini. Waandishi wa Kiswahili wanauita msitari huo mhimili. Mwendo huo ndio unaotupatia mchana na usiku, kila saa 24. Kwetu sisi ambao tuko karibu na ikweta, ardhi tunayokanyaga inakwenda kwa kadiri ya kilometa 1 670 kwa saa juu ya mwendo huo peke yake. Hatuusikii, kwa sababu milima, nyumba, hewa na sisi wenyewe tunakwenda pamoja.

Mwendo wa pili ndio "révolution". Dunia inalizunguka jua. Inapita katika njia yake, ambayo wanasayansi wanaiita obiti, kwa umbali wa karibu kilometa milioni 150 kutoka kwa jua. Inakwenda kilometa karibu 30 kwa kila sekunde moja, ni kusema zaidi ya kilometa 100 000 kwa saa. Safari nzima ina urefu wa kilometa karibu milioni 940, na inachukua siku 365 na karibu saa sita. Safari hiyo ikimalizika, tunasema mwaka umepita.

Hizo saa sita ndizo zinazotuletea tarehe 29 mwezi wa pili. Kila miaka minne saa hizo zinafanya karibu siku moja nzima, nasi tunaiongeza kwenye kalenda, kama ilivyokuwa mwaka 2024 na kama itakavyokuwa 2028. Bila hivyo, kalenda ingekimbia na jua lingebaki nyuma.

Mtoto wa kaka yangu alipofanya hesabu kwa kalkuleta, alicheka. Tangu azaliwe amekwisha kulizunguka jua mara 12. Ni zaidi ya kilometa bilioni 11, na hakulipa hata franga moja ya usafiri.

Mfano wa rond-point

Nilipotaka kumwonyesha tofauti ya maneno hayo mawili, sikuhitaji vitabu. Wengi wetu tunaijua sanamu ya tshukudu kule Goma, iliyosimama katikati ya rond-point. Motari anapofika pale na kuizunguka sanamu yote mpaka kurudi barabara aliyotoka, pikipiki yake imefanya "révolution" moja. Imekizunguka kitu ambacho kiko nje yake. Lakini wakati huo huo magurudumu yake yalikuwa yanajizungusha kwenye ekseli. Hiyo ni "rotation". Gurudumu linaweza kujizungusha mara mia wakati pikipiki imezunguka sanamu mara moja. Ndivyo ilivyo dunia: inajizungusha zaidi ya mara 365, wakati imelizunguka jua mara moja.

Mfano huo una mpaka wake. Motari anageuza guidon ili asitoke kwenye rond-point. Dunia haina guidon. Isaac Newton, Mwingereza, alieleza mwaka 1687 kinachoiweka katika njia yake: jua linaivuta, nayo tayari ina mwendo wa kwenda pembeni. Ukifunga jiwe kwenye kamba na kulizungusha juu ya kichwa, mkono wako ndio unaolivuta. Ukiachilia kamba, jiwe linaruka moja kwa moja. Kama jua lingeacha kuvuta, dunia nayo ingekwenda zake moja kwa moja katika giza.

Maneno haya mawili yanasaidia pia kwa nyota nyingine na sayari. Mwezi unaizunguka dunia kwa siku 27 na saa kadhaa. Unajizungusha pia wenyewe, na unatumia muda ule ule kabisa. Ndiyo maana tunauona uso mmoja tu wa mwezi, toka enzi za mababu mpaka leo. Sayari ya Venus, ambayo wengi wanaiona ikiangaza asubuhi au jioni, ni ya ajabu zaidi. Inalizunguka jua kwa siku 225, lakini kujizungusha yenyewe mara moja tu inaichukua siku 243. Mtu ambaye hatofautishi "rotation" na "révolution" hawezi kuelewa jambo hilo hata akisomewa mara kumi.

Neno lilianza mbinguni, likashuka barabarani

Sasa, ilikuwaje neno moja likawa la sayari na la watu wanaoangusha serikali?

"Révolution" inatoka katika Kilatini, kwenye neno linalomaanisha kuviringisha tena, kurudisha pale kitu kilipotoka. Wataalamu wa nyota wa Ulaya walilitumia kwa ajili ya nyota, kwa sababu nyota zinakwenda na kurudi. Mwaka 1543, Nicolaus Copernicus, kanoni wa kanisa kuu moja huko Poland aliyekuwa pia mtaalamu wa nyota, alichapishiwa kitabu chake katika mji wa Nuremberg. Kinaitwa *De revolutionibus orbium coelestium*, ni kusema juu ya mizunguko ya duara za mbinguni. Alikufa mwaka ule ule. Ndani ya kitabu hicho alieleza kwamba si jua linaloizunguka dunia, bali dunia ndiyo inayolizunguka jua.

Kwa Copernicus, basi, neno hilo halikuwa na fujo yoyote. Lilimaanisha mwendo wa utaratibu, unaorudi kila mara mahali pake. Yeye mwenyewe alikosea jambo moja: alifikiri njia za sayari ni duara kamili. Johannes Kepler ndiye aliyeonyesha mwaka 1609 kwamba ni duara iliyorefuka kidogo, kama yai.

Watu wa siasa walilichukua neno hilo polepole. Waingereza walipombadilisha mfalme wao mwaka 1688, tukio hilo liliitwa Révolution Tukufu, na wengi walioliunga mkono walisema wanarudisha haki za zamani ambazo mfalme alizivunja. Maana ya kurudi ilikuwa bado ndani ya neno. Miaka mia moja baadaye, huko Ufaransa, maana hiyo ilivunjika. Inasimuliwa kwamba mwezi wa saba 1789, gereza la Bastille lilipoangushwa, mfalme Louis wa 16 aliuliza kama hayo ni maasi, na mkubwa mmoja wa nyumba ya mfalme akamjibu kwamba hapana, ni révolution. Kuanzia siku hizo neno likawa na maana ya kuvunja ya zamani na kuanza mapya, bila kurudi nyuma.

Kwa hiyo Mfaransa leo analitumia neno lile lile kwa mambo mawili yanayopingana. Angani ni kurudi pale ulipoanzia. Barabarani ni kukataa kurudi.

Kiswahili hakikufuata njia hiyo

Neno letu "mapinduzi" lina historia nyingine kabisa. Linatoka kwenye kupindua. Wakaaji wa kandokando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika wanajua maana yake bila kufundishwa: mtumbwi ukipinduka, kilichokuwa juu kinaingia majini na tumbo la mtumbwi linatazama mbingu. Mapinduzi ya serikali ni hivyo. Waliokuwa juu wanashuka, waliokuwa chini wanapanda. Ndani ya neno hilo hakuna mzunguko, na hakuna kurudi.

Ndiyo sababu jibu la mtoto wa kaka yangu lilikuwa na akili ndani yake. Aliposoma "mapinduzi ya dunia", aliona mtumbwi. Akaandika kwamba dunia inapinduka, juu inakuwa chini. Alilielewa neno la Kiswahili vizuri sana. Kosa ni kwamba neno hilo halikupaswa kuwa pale.

Zanzibar wanasema Mapinduzi kwa tukio la tarehe 12 mwezi wa kwanza 1964, na Tanzania ina chama kinachobeba neno hilo katika jina lake tangu 1977. Hakuna mtu yeyote kule anayesema "mapinduzi" kwa safari ya dunia kulizunguka jua. Vitabu vyao vya shule za msingi, ambavyo vinafundisha kwa Kiswahili, vinasema dunia "kulizunguka jua" na dunia "kujizungusha katika mhimili wake". Maneno rahisi, ambayo mtoto wa Uvira au wa Bunia anayaelewa bila kamusi.

Kwetu Kongo, neno lilibeba chama na roketi

Kwetu neno "révolution" limekaa sana katika siasa, na hilo linaongeza mchanganyiko. Mwaka 1967 Mobutu aliunda chama chake, Mouvement Populaire de la Révolution, MPR. Baadaye chama hicho kilifanywa kuwa chama kimoja cha inchi nzima, na kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanamemba toka kuzaliwa. Mwaka ule ule wa 1967, katika milima ya Fizi, Kivu ya Kusini, Laurent-Désiré Kabila alianzisha Parti de la Révolution Populaire ili kupigana na Mobutu. Watu wawili waliokuwa maadui walichagua neno moja. Wazazi wetu walilisikia kwenye redio, kwenye nyimbo na kwenye mikutano, siku zote kwa maana ya siasa. Mtoto akilileta nyumbani kutoka somo la jeografia, mzazi anamweleza alichokisikia yeye.

Kuna siku moja ambapo maana zote mbili zilikaribia kukutana katika ardhi yetu. Mwaka 1976, Zaire ilifanya mapatano na kampuni moja ya Ujerumani, OTRAG, ambayo ilitaka kutengeneza roketi za bei ndogo za kupeleka satelite angani. Walipewa eneo kubwa katika jimbo la Shaba, ambalo ni Katanga, na wakarusha roketi ya kwanza ya majaribio mwaka 1977. Tarehe 5 mwezi wa sita 1978, mwanzilishi wa MPR mwenyewe alikuja kutazama jaribio la tatu. Roketi ilipanda kidogo, ikapotea njia na kuanguka. Mwaka 1979 kampuni hiyo iliondoka Zaire, baada ya inchi nyingine, Urusi ya wakati ule ikiwa mbele, kulalamika sana. Hakuna roketi yoyote iliyorushwa kutoka Shaba iliyowahi kufika mahali pa kuizunguka dunia. Kama ingefika, Zaire ingekuwa na "révolution" ya aina ile ya Copernicus.

Tuseme nini kwa Kiswahili?

Shida ndogo ipo pia kwa upande wetu. Tuna neno zuri, kuzunguka, ambalo wengi kwetu wanalitamka kuzunguluka. Lakini tunalitumia kwa mambo mengi. Mtu asiye na kazi anazunguka mjini. Mchuuzi anazunguka na bidhaa zake. Aliyechoka au mwenye malaria anasikia kizunguzungu. Na tukisema tu "dunia inazunguka", hatujui kama ni kwa ajili ya mchana na usiku, au kwa ajili ya mwaka.

Dawa iko ndani ya lugha yenyewe, katika vipande vidogo vya neno. Tukiweka kitu kinachozungukwa, ni "révolution": dunia inalizunguka jua, mwezi unaizunguka dunia, satelite inaizunguka dunia. Tukiweka *-ji-*, kile kipande kinachoonyesha kwamba kitu kinajifanyia chenyewe, ni "rotation": dunia inajizungusha. Mwalimu anaweza kuandika sentensi mbili ubaoni na mtoto akaona tofauti kwa macho: *inalizunguka* na *inajizungusha*. Kifaransa kinahitaji maneno mawili yanayofanana ambayo watoto wanayachanganya kila mwaka. Kiswahili kinafanya kazi hiyo kwa silabi moja.

Kuna neno la tatu ambalo lisichanganywe na hayo, nalo ni "orbite". Obiti ni njia, si mwendo. Barabara ya Butembo kwenda Beni ni kitu kimoja, na safari ya kwenda Beni ni kitu kingine. Obiti ni barabara, "révolution" ni safari, na muda wa safari ni mwaka wa sayari hiyo. Mwaka wa Mercury ni siku 88 zetu. Mwaka wa Jupiter ni karibu miaka 12 yetu, na wa Neptune ni karibu miaka 165. Sayari hiyo ya mwisho ilitambuliwa mwaka 1846, na ni mwaka 2011 tu ndipo ilimaliza kulizunguka jua mara moja tangu watu waijue.

Wanafunzi wa sekondari wajihadhari na mtego mwingine. Kwenye matematiki watakuta "solide de révolution", kama silinda na koni. Hapo neno linamaanisha umbo lililopatikana kwa kuzungusha sura fulani kwenye msitari, ambayo inafanana zaidi na ile ambayo mwalimu wa jeografia anaiita "rotation". Walimu wote wawili wana haki, kila mmoja katika somo lake. Lakini mwanafunzi ambaye hajaambiwa atafikiri mmoja wao anadanganya.

Kwa nini jambo hili linamhusu pia mkulima

Mtu anaweza kuuliza: mtoto akikosa neno hilo, anapoteza nini zaidi ya pointi? Jibu liko shambani.

Mhimili wa dunia haukusimama wima. Umeinama kwa digri 23 na nusu, na unabaki umeelekea upande mmoja wakati dunia inalizunguka jua. Kwa hiyo katika mwezi wa sita upande wa kaskazini ndio unaolitazama jua zaidi, na katika mwezi wa kumi na mbili ni upande wa kusini. Wengi wanafikiri majira yanatokana na dunia kukaribia jua au kwenda mbali. Sivyo. Dunia iko karibu zaidi na jua mwanzoni mwa mwezi wa kwanza, wakati Wazungu wa Ulaya wanatetemeka kwa baridi.

Mkanda wa mawingu na mvua unalifuata jua katika safari hiyo ya kwenda kaskazini na kurudi kusini, ingawa unachelewa kidogo nyuma yake. Sisi tulio karibu na ikweta, mkanda huo unatupitia mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana katika Kivu tuna misimu miwili ya kulima, ule unaoanza mwezi wa tisa na ule wa mwezi wa pili au wa tatu, na kiangazi cha kweli katikati ya mwaka. Kule Lubumbashi, ambako ni mbali zaidi kusini, wanapata msimu mmoja mrefu wa mvua, toka karibu mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine, kisha miezi mingi ya ukavu. Mama anayepanda maharagi yake kwenye vilima vya Lubero anafuata "révolution" ya dunia, hata kama hakuwahi kusikia neno hilo.

Hata saa zetu zinatokana na mahali tulipo. Tunasema saa moja ya asubuhi baada ya jua kutokea, kwa sababu kwetu jua linatoka karibu wakati ule ule mwaka mzima. Kule Lubumbashi mchana wa mwezi wa kumi na mbili unaupita ule wa mwezi wa sita kwa zaidi ya saa moja. Ulaya tofauti ni kubwa sana, na hesabu yetu ya saa isingewafaa.

Na wale wenye parabole juu ya nyumba wanaitegemea "révolution" kila jioni. Satelite nyingi za televisheni ziko juu ya ikweta, kwa kilometa karibu 36 000 kutoka chini. Kwa urefu huo, satelite inaizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia inajizungusha. Tunaiona kama imesimama, na parabole haihitaji kuifuata. Kituo cha anga cha kimataifa, ambacho kiko chini zaidi, kwa karibu kilometa 400, kinaizunguka dunia kwa saa moja na nusu tu.

Lugha mbili, daftari moja

Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha ya kazi za serikali, na inataja lugha nne za kitaifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, ambazo serikali inapaswa kuziendeleza. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo inazipa lugha hizo nafasi katika masomo. Lakini kitabu cha jeografia ambacho mtoto wa kaka yangu anakitumia ni cha Kifaransa, toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na mtihani wa serikali pia ni Kifaransa. Sisemi Kifaransa kiondolewe. Mtoto huyo anakihitaji. Ninachosema ni kwamba mwalimu anayetumia dakika mbili kuandika ubaoni "dunia inalizunguka jua" chini ya neno "révolution" hapunguzi chochote katika Kifaransa cha watoto. Anazuia mtoto asiende kutafuta maana kwenye telefone ambayo haijui kama anasoma jeografia au historia.

Na wazazi tusijidharau. Mtu ambaye hakumaliza shule anaweza kumweleza mtoto wake tofauti ya miendo hiyo miwili kwa kutumia gurudumu la tshukudu. Neno la Kifaransa mtoto atalishika baadaye, akiwa tayari ameelewa kitu chenyewe.

Sisi nyumbani tulifanya zaidi ya maneno. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi tulisimamisha katika kiwanja fimbo ya mita moja, wima. Butembo iko kaskazini kidogo tu ya ikweta. Karibu na saa sita ya mchana tulingoja mpaka kivuli kiwe kifupi kabisa, tukaweka jiwe pale kilipofika. Siku hiyo kivuli kilikuwa na sentimita 8, kikielekea kaskazini. Jumamosi iliyofuata mvua ilituzuia, na nyingine pia. Tarehe 25 kivuli kilifika sentimita 22. Katikati ya mwezi wa kumi na moja kilikuwa 34, na mawe yetu yalikwisha kuwa msitari.

Fimbo haikusogea. Jua pia halikusogea. Mtoto alikaa chini, akayatazama mawe, kisha akaniuliza yatafika wapi. Nilimwambia karibu sentimita 43, mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili, halafu yataanza kurudi. Mwezi wa tatu kivuli kitakaribia kwisha kabisa, na baadaye kitaelekea upande wa kusini.

Kisha alifungua daftari lake, na chini ya ile 4 nyekundu akaandika kwa Kiswahili: "Révolution ni dunia kulizunguka jua mpaka irudi pale ilipoanzia." Interro ya pili iko wiki ijayo. Ameniomba nisiiondoe fimbo mpaka mwaka uishe, nami nimewaambia wote wa nyumbani wasianike nguo juu yake.